Lundo lilipoanza kufuka

Alfajiri moja ya Februari nilikuta lundo letu la makaa ya mawe linafuka upande unaopigwa na kaskazi. Nikadhani ni ukungu wa baharini. Nilipolisogelea nikapata harufu ya mafuta ya taa iliyochanganyika na lami, moyo ukanipasuka.

Nasimamia yadi ya makaa ya mawe hapa Mtwara. Mzigo unatoka Ngaka, wilayani Mbinga, unapita Songea, Tunduru na Masasi hadi kwetu kusubiri meli. Makaa haya yamelala chini ya bonde la Ruhuhu kwa zaidi ya miaka milioni 250, yamefunikwa, hayajui upepo. Yakichimbwa na kuvunjwa huanza kula oksijeni, na kila yanapokula hutoa joto. Lundo dogo hupoa lenyewe. Kubwa huficha joto ndani mpaka linawaka bila kiberiti.

Meli ilikuwa imechelewa na malori hayakukoma, tukawa tunarundika tu. Tipa linapomwaga, mabonge huviringika hadi chini, chenga zikabaki juu. Kwa hiyo miguuni mwa lundo panakuwa na matundu, na upepo huingia humo kama kwenye jiko. Hilo sikuwa nalijua, na lilinigharimu.

Vijana walishavuta mpira wa maji. Dereva wa loda, ile mashine ya kuchotea makaa, mzee aliyewahi kufanya kazi mgodini, akanizuia.

"Mwanangu, maji yataishia juu, moto uko tumboni. Na mtu asipande pale, huenda ndani pameshakuwa shimo."

Tukachoma nondo ndefu kutokea pembeni, tukaziacha kama robo saa, kisha tukazichomoa. Penye nondo isiyoshikika ndipo tulipochimba. Loda likachota makaa ya hapo, likamwaga mbali na malundo mengine, tukayatandaza membamba na kuyanyunyizia maji hapo chini. Siku tatu, usiku kwa zamu.

Lililobaki tulilipanga upya: tabaka jembamba, loda linapita juu mara kadhaa kulishindilia, kisha tabaka jingine. Pembeni tukalilaza na kulibana ili upepo usipate mlango. Shehena iliyotangulia kufika sasa ndiyo inayotangulia kutoka.

Kila asubuhi nazunguka na nondo yangu. Umande ukikauka sehemu moja kabla ya nyingine, naanzia hapo.

Yale tuliyoyachimbua hayakupanda meli hiyo. Niliyazuia mpaka yalipopoa kabisa.