Nilivyomweleza jirani yangu jinsi kifungo cha maisha kinavyohesabiwa

Mwaka 2021 jirani yangu hapa Sanawari, Arusha, mama aliyenusurika mauaji ya kimbari ya Rwanda, alisikia kwamba Théoneste Bagosora, kanali aliyefungwa kwa mauaji hayo, ameomba kuachiwa mapema. Alinijia akiwa amevurugika, kwa kuwa anajua nimesoma sheria. "Mwanangu, si walimpa maisha? Sasa maisha yanaishaje, naye yu hai?"

Sikutaka kumpoza kwa maneno matupu. Uamuzi wa ombi hilo uko wazi kwenye intaneti, ila ni Kiingereza cha mahakama, tena kirefu. Niliuchapisha, tukakaa barazani kwake na daftari la mjukuu wake.

Nilianza na tarehe ya kukamatwa, maana hesabu huanzia hapo. Bagosora alikamatwa Cameroon Machi 1996. Mwaka 2008 mahakama ya Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji ya Rwanda, iliyokuwa hapa hapa Arusha, ilimpa kifungo cha maisha. Mwaka 2011 rufaa ikakishusha hadi miaka 35. Nikampa mama kalamu atafute theluthi mbili, kwa kuwa mfungwa akifikisha hapo ndipo kuachiwa mapema hufikiriwa. Alikokotoa taratibu, akapata miaka 23 na miezi minne. Akainua macho: "Basi alishavuka!" Kweli, alivuka mwaka 2019.

Hapo ndipo palihitaji muda. Kwa miaka mingi, mfungwa aliyefikisha theluthi mbili karibu aliachiwa tu. Mwaka 2016 Jaji Theodor Meron, aliyekuwa rais wa taasisi ya Umoja wa Mataifa iliyorithi kazi za mahakama ile, aliwaachia Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa redio RTLM, na padri Emmanuel Rukundo. Hawakuwekewa sharti lolote. Serikali ya Rwanda ililalamika, na mimi naona ililalamika kwa haki: mtu aliyetumia redio kuchochea mauaji hawezi kutoka bila hata kukatazwa kuwasogelea mashahidi. Masharti yalianza na mfungwa mwingine, Aloys Simba, mwaka 2019. Mwaka uliofuata rais mpya, Jaji Carmel Agius, akatoa mwongozo ambao kwa huo theluthi mbili humpa mfungwa nafasi ya kuomba, haimpi haki ya kutoka. Uzito wa kosa na kubadilika kwa mtu lazima vipimwe.

Nilimsomea mama aya hiyo mara mbili, kisha nikafungua ukurasa wa mwisho: ombi la Bagosora limekataliwa, Aprili 2021. Alishusha pumzi, halafu akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikia. "Na wale ambao rufaa haikuwapunguzia?"

Nikarudi kusoma. Kwa hao, mwaka 2015 rais wa taasisi ile aliangalia kifungo kirefu kuliko vyote chenye idadi ya miaka, ambacho wakati ule kilikuwa 45, theluthi mbili yake 30, akasema wa maisha hawezi kufikiriwa kabla ya kupita miaka 30. Jean-Paul Akayesu, meya wa zamani wa Taba huko Rwanda, aliyebaki na kifungo cha maisha, alikamatwa Zambia Oktoba 1995. Mama akaandika daftarini: Oktoba 2025.

Bagosora alifia Mali Septemba 2021. Mama hakuniuliza zaidi habari zake. Alichotaka ni kurasa zile niziandike kwa Kiswahili, awapelekee manusura wenzake wanaokutana kila Aprili, nao wajue mapema barua zao za kupinga zipelekwe kwa nani na lini. Nikaandika kurasa mbili, tarehe za kukamatwa zikiwa juu kabisa.