Maharagwe 22, Mashimo 12

"Ticha, kwani hao watu hawakujua kuogelea?"

Ndio kwanza nilikuwa nimewaambia watoto wangu wa Gredi ya 2 kwamba meli ya Titanic ilizama usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912, na watu wapatao 1,500 wakafa. Aliyeuliza babake ni mvuvi wa hapa Dunga, kando ya Ziwa Victoria, Kisumu. Maji anayoyajua ni ya ziwa letu, maji vuguvugu ambayo mtoto wa miaka saba anajitosa na kutoka akicheka. Picha niliyobandika ukutani isingemjibu.

Kesho yake asubuhi nilipitia kwa mama mmoja anayeuza mbuta, akanipa nusu ndoo ya barafu ya kuhifadhia samaki. Darasani nikaimwaga kwenye beseni la maji. Kila mtoto akatia mkono, wenzake wakihesabu kwa sauti. Wengi hawakufika ishirini. Nikawaambia kwamba bahari ya Atlantiki usiku ule ilikuwa baridi kuliko beseni hili, karibu nyuzi 2 chini ya sufuri, kwa sababu maji ya chumvi hayagandi kwenye sufuri kama maji ya ziwa. Wengi walivaa laifjaketi na wakaelea vizuri tu. Baridi ndiyo iliyowaua. Yule aliyeuliza aliutazama mkono wake kwa muda mrefu.

Beseni lilinisaidia na jambo jingine ambalo sikulipangia. Pande kubwa la barafu lilikuwa limezama karibu lote, kichwa tu kikichungulia. "Kama kiboko!" akasema mmoja. Miaka yote nimetafuta namna ya kueleza kwa nini mlima wa barafu, kama ule uliogongwa na Titanic, ni hatari, na mtoto akanipa kwa neno moja. Hapa Dunga hakuna asiyejua kwamba kiboko unachokiona ni kidogo kuliko kiboko kilichopo.

Halafu maharagwe. Punje 22, kila punje watu 100, maana melini walikuwa zaidi ya 2,200. Nikakata trei ya mayai nikaacha mashimo 12, kwa kuwa boti zote 20 za kuokolea zilikuwa na nafasi 1,178. Shimo moja, punje moja. Wakapanga, punje 10 zikabaki mezani. Wakanisihi waweke mbili mbili. Badala yake nikaondoa 5 kati ya zilizokwisha kukaa, kwa sababu waliookoka ni kama 700 tu. Boti ya kwanza iliteremshwa na watu wasiofika 30, na ilitengenezwa kubeba 65.

Msichana mmoja alikasirika kweli. "Kwa nini waliondoka na nafasi?" Nikamwambia mwanzoni wengi hawakuamini kwamba meli ile ingezama. Ndani taa zilikuwa zinawaka na kuna joto, nje ni giza na baridi. Akasema hiyo si sababu. Nami naona hivyo.

Mwalimu mwenzangu alinishauri nisiguse habari ya watoto waliokufa. Niliigusa, kwa upole. Niliwaambia watoto wa daraja la kwanza waliokoka karibu wote, na wa daraja la tatu wengi wao wakafa. Hawa ni watoto wanaoishi kando ya ziwa, wamewahi kuona matanga ya mtu aliyechukuliwa na maji. Kuwaficha kungekuwa kuwadharau. Niliwaeleza pia juu ya Carpathia, meli iliyokwenda mbio usiku ule na kuwaopoa waliokuwa botini, na mkataba wa mwaka 1914 uliotaka kila abiria awe na nafasi ya kuokolewa.

Ijumaa yule mtoto wa mvuvi alikuja mezani kwangu kabla ya kengele. "Ticha, boti ya baba inabeba watu wanne. Laifjaketi ziko mbili." Alikuwa amebeba punje nne za maharagwe mfukoni, akanionyesha.

Jumamosi nilishuka ufukweni kumtafuta babake. Nilimkuta anashona wavu. Kabla sijafungua mdomo akaniambia, "Mwalimu, ameshanihesabia."