Jinsi tulivyoacha kufika kambini usiku

Jamani sisi tulikuwa wanne, safari ya baiskeli ya siku 5 njia za vumbi na mawe, na mimi ndo mpangaji nikaweka kilomita 100 kila siku kwa sababu kwenye lami tunazimaliza bila shida. Jaribio la wikendi likatuumbua, kilomita 60 tu giza limetukuta porini, taa moja imezima, mwenzetu hataki hata kuongea na mimi (alikuwa na haki yake).

Nikapiga hesabu upya, safari hii kwa masaa sio kilomita: njia mbovu tunaenda kama 10 au 12 kwa saa, kila mita 600 za kupanda (kimo cha mlima, sio urefu wa njia) naongeza saa nzima, pancha na kuchota maji navyo vina muda wao. Ikatoka 55 kwa siku.

Upepo wa matairi tukapunguza kidogo, kwenye mchanga inasaidia sana ila usizidishe, rimu ikigonga jiwe tyubu inatoboka matundu mawili kama umeng'atwa na nyoka. Na anayeenda taratibu ndo anatangulia mbele, hapo wawili walibisha mpaka basi. Siku zote 5 tulifika jua bado lipo.