Tarakimu mbili za mwisho

Jana nimelala saa nane usiku kwa sababu ya seva moja tu na mpaka saa hizi bado naiwaza. Ping (vipakiti vidogo vya kujaribu kama seva inafikika) inaenda safi, ukiingia kwa ssh, yaani kwa mbali, unaandika amri bila shida yoyote, ila ukianza kukopi faili kubwa tu linasuasua mpaka unatamani kulia. Nikabadilisha waya, nikawasha upya, nikapekua mafaili ya usanidi moja moja, yote yako sawa.

Ndo nikapiga ethtool eth0, amri ya Linux ya kukagua kadi ya mtandao. Spidi megabiti 100 kwa sekunde, half duplex (kutuma na kupokea kwa zamu, full duplex ni vyote kwa pamoja), na hii ni kadi ya giga! Sikuamini, nikataka kuona rejista zenyewe, vile vihifadhi vidogo ndani ya kadi vinavyoshika hali yake, nikapiga ethtool -d. Kadi inatumia draiva ya e1000e, rejista ya STATUS ipo kwenye anwani 0x00008, na thamani yake inaishia na 42 kwa heksadesimali, yaani 0100 0010 kwa biti, zikihesabiwa kutoka kulia kuanzia 0. Nikachukua kalamu nikaifungua biti kwa biti kwenye daftari: biti ya 1 imewaka, maana yake linki ipo, ya 6 imewaka na ya 7 imezima, hiyo ndo mega 100, halafu biti ya 0, ile ya full duplex, imezima. Kadi yenyewe inakiri.

Nikaangalia takwimu kwa ethtool -S, tx_abort_late_coll, kihesabu cha migongano ya kuchelewa, inapanda kila nikianza kukopi. Kumbe kwenye swichi mtu alishalazimisha 100 full akazima majadiliano ya otomatiki, yale ya pande mbili kukubaliana spidi na duplex, na kadi isipojibiwa inaweza kutambua spidi kwa ishara za kwenye waya ila duplex haina pa kuijulia, basi inachukua half. Huku kadi inasubiri zamu, kule swichi inatuma muda wowote inaotaka, fremu (vifurushi vya data) zinagongana na kuharibika. Ping ni chache na ndogo zinapenya, faili kubwa ndo linaumia.

Wapo wanaoamini kulazimisha spidi kunaleta utulivu, mimi sikubali kabisa, na giga ya waya wa shaba haiwezi kwenda bila hayo majadiliano. (Kwenye FreeBSD, mfumo endeshi mwingine, ningeshtuka mapema, amri ya ifconfig tupu inakuonyesha mstari wa media, wenye spidi na duplex, hata kama hukuuliza.)

Nikarudisha porti ya swichi kwenye otomatiki, nikapiga ethtool -d tena. 83, yaani 1000 0011: giga, linki ipo, full duplex. Nikakopi lile faili, likaisha kabla sijafunga daftari.