Nilivyowafundisha watoto kuinua macho uwanjani

Nilipokabidhiwa kikosi cha watoto wa miaka 9 hadi 11, nilikuta mazoezi ya foleni. Mtoto anakokota mpira, anazunguka koni, anapiga golini, kisha anarudi nyuma ya mstari. Kwa anayetazama kando, panapendeza. Lakini watoto 12 wakiwa na mpira mmoja, kila mmoja anawasubiri wenzake 11. Na koni haikabi: anayeizunguka hana sababu ya kutoa macho kwenye mpira, kwa hiyo siku ya mechi anacheza akiwa ameinama, na adui anamfikia kabla hajamwona.

Nikafuta foleni. Niliwagawa watatu kwa watatu kwenye viwanja viwili vidogo, kila kimoja kikiwa na magoli manne ya koni: kila timu inalinda mawili na kushambulia mawili. Mchezo huu nimeuchukua kwa kocha Mjerumani, Horst Wein, aliyeuita Funino. Ujerumani yenyewe imefanya michezo ya timu ndogo kuwa ya lazima kwa watoto wadogo tangu msimu wa 2024/25. Siri yake ni kwamba mabeki wakijazana kwenye goli moja, la pili linabaki wazi, na asiyeinua kichwa halioni.

Badala ya kupiga kelele, nilibadilisha sheria. Ukifunga baada ya kuhamisha mpira upande wa pili, goli linahesabiwa mawili. Sheria ya kila mchezaji kugusa mpira mara mbili tu kabla ya kuutoa sikuitaka, ingawa makocha wengi wanaipenda. Umri huo ndio wa kupiga chenga; ukiizima chenga sasa, utaitafuta baadaye usiipate. Walipolalamika, "Kocha, huyu hatoi pasi!" niliwajibu, "Msogelee mahali atakapokuona."

Kabla ya mchezo tulicheza duara, wanne pembeni na mmoja katikati anakaba. Mimi nazunguka nje nikinyoosha vidole, na anayesubiri pasi ageuke, ataje idadi kabla mpira haujamfikia. Mwanzoni ilikuwa vichekesho. Mtoto anatamka "Tatu!" kwa sauti kubwa huku mpira unapita katikati ya miguu yake. Baadaye wakaanza kugeuza shingo hata nisiponyoosha kitu, na hapo nikaacha vidole. Nikisimamisha mchezo, jambo nililolifanya kwa nadra, nilikuwa na swali moja tu: "Ulipopokea, nani alikuwa nyuma yako?"

Kazi ngumu ilikuwa kwa wazazi. Mmoja aliniuliza, "Kocha, mbona hufundishi, umenyamaza tu?" Nikamwambia, "Mama, wewe ukimwambia apige na mimi nikimwambia atulie, ataangalia kwetu badala ya uwanjani." Alikubali shingo upande. Wababa wenye sauti kubwa niliwapa kazi ya kurudisha mipira iliyotoka.

Tulitumia mpira namba 4. Namba 5, ule wa watu wazima, una gramu 410 hadi 450, mzigo kwa mguu wa miaka 9, na mtoto akizoea kuupiga kwa nguvu zote hajifunzi kuutuliza. Mazoezi ya kupiga kichwa niliyaacha kabisa. Shirikisho la soka la Marekani limeyazuia kwa watoto wa miaka 10 kurudi chini, na Uingereza iliyaondoa kwenye mazoezi ya watoto wa shule ya msingi mwaka 2020. Anayelalamika maumivu chini ya goti wakati anarefuka haraka, namkalisha, simwambii ajikaze.

Mechi za mwanzo tuliendelea kufungwa, tena vizuri tu. Kilichobadilika ni namna ya kufungwa: mabeki walitoka na mpira kwa pasi, wakaupoteza, wakajaribu tena, na sikumkaripia mtu.

Siku idadi ikiwa witiri, anayebaki husimama nje mpaka timu moja izidiwe kwa mabao matatu, ndipo anaingia kuisaidia. Mara nyingi huyo ndiye anayefunga, maana muda wote alikuwa anatazama goli lipi limeachwa.