Siku yangu moja Nyaraka: vita, anga na nasaba

Nafanya kazi Nyaraka, pale Kilimani, Unguja. Mafaili ya serikali za zamani yapo, ya ubalozi wa Kiingereza, ya Wajerumani, ya sekretarieti ya mkoloni, na watafiti wa nje wanayajua vizuri. Lakini siku hizi anayebisha hodi mara nyingi ni mjukuu anayemtafuta babu yake. Nimeombwa na wengi nieleze kazi yenyewe inakwendaje, basi hii hapa Jumatano moja ya masika, tangu asubuhi.

Saa 1:20 asubuhi

Mvua imenyesha usiku kucha. Kabla ya chai naingia ghalani kusoma kipima unyevu. Karatasi inataka unyevu wa kadiri, karibu asilimia 50, na hewa iliyotulia. Nje msimu huu ni zaidi ya 80. Ukizembea siku mbili tatu ukungu unaanza kwenye mgongo wa kitabu, palipo na gundi, halafu unaingia ndani taratibu bila mtu kuuona. Napita na tochi chini ya rafu za ukutani kutafuta njia za mchwa. Leo hakuna, alhamdulillahi. Mitego ina mende wawili na wale wadudu wembamba wa rangi ya fedha wanaokula wanga wa karatasi. Naandika daftarini, nabadilisha mitego.

Kuna waraka mmoja nimekuwa nikiushughulikia kwa wiki nzima. Wino wake ni ule wa zamani wenye chuma, na chuma kile kinakula karatasi. Ukiuinua kwenye mwanga unaona vitundu vyenye umbo la herufi: neno limeanguka, limebaki tundu lake. Naviziba kwa nyuma na karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, kipande kwa kipande, kisha nauweka chini ya uzito. Kwa saa nzima nimemaliza mistari minne.

Saa 3:00

Chumba cha kusomea kimefunguliwa. Kijana wa chuo kikuu ameomba mafaili ya vita vya 27 Agosti 1896, Waingereza walipopiga mizinga jumba la mfalme pale Forodhani baada ya Sayyid Khalid bin Barghash kukataa kushuka kwenye kiti cha ufalme. Mizinga ilianza saa tatu na dakika mbili, na kabla ya saa nne kamili kila kitu kilikuwa kimekwisha. Meli ya mfalme, Glasgow, ikazama bandarini. Khalid akakimbilia kwa balozi wa Kijerumani, akapelekwa Dar es Salaam.

Wageni wanasimuliwa kwamba ndivyo vita vifupi kuliko vyote duniani, wanacheka, wanapiga picha. Mimi nashindwa kucheka. Upande wa jumba wanakadiriwa watu 500 waliouawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Wale 500 ripoti zinawataja kwa mkupuo, kana kwamba hawakuwa na mama.

Nikamwambia kijana: ukimaliza ripoti za manowari, usifunge daftari. Omba hati za mirathi na za wakfu za mwaka 1314 Hijria, ndio mwaka wa vita vile. Mtu akifa, mali yake inagawanywa, na hapo lazima atajwe yeye, baba yake na watoto wake. Akaniuliza kama kuna aliyewahi kufanya hivyo. Nikamjibu aanze yeye. Nikampa na kalamu ya risasi, maana alikuja na ya wino, na wino hauingii chumba kile.

Saa 4:30

Bibi mmoja kutoka shamba ameingia na mjukuu wake wa skuli, amebeba bati la biskuti lililofungwa kwa kanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa nyinyi mnasoma herufi za kizamani."

Ndani ya bati kuna nishani mbili na barua moja. Nishani ya kwanza ni nyota ya shaba yenye ncha sita. Ya pili ni ya mviringo, upande mmoja kichwa cha mfalme George wa Sita, upande wa pili simba amesimama juu ya joka. Bibi anadhani jina la baba yake mdogo limechongwa mahali, ila macho yake tu ndiyo hayalioni. Ikabidi nimweleze kwamba nishani za vita vya pili vya dunia Waingereza walizitoa bila majina. Zile za vita vya kwanza unazikuta na jina na namba ukingoni. Hizi hazina kitu. Zikitenganishwa na karatasi zake, hata sokoni huwezi kujua zilikuwa za nani.

Basi tegemeo likawa barua ya huyo baba yake mdogo. Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mkono mzuri, wa mtu aliyekaa chuo cha Kurani akasoma. Nikamsomea kwa sauti, polepole. Anamsalimia mama yake, anauliza hali ya mnazi ulioangukiwa na radi, anasema sasa sauti ya mzinga amekwisha kuizoea, haimshitui tena. Wako Mombasa. Wataondoka kwa meli na hawakuambiwa wanakwenda wapi. Tarehe 8 Mfunguo Tano 1363.

Bibi alikuwa hajawahi kuisikia barua ile. Imekaa ndani ya bati miaka yote kwa kuwa nyumbani hapakuwa na wa kuisoma tena. Nilipofikia habari ya mnazi akanishika mkono: "Mnazi ule mimi naukumbuka. Kisiki chake tulikuwa tunakikalia." Mjukuu akaacha kuchezea simu.

Mfunguo Tano 1363 ulianguka mwishoni mwa Januari na Februari 1944. Mwezi huohuo meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12 Februari nyambizi ya Kijapani ikaipiga kwa topido karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Walikufa karibu watu 1,300. Majina ya askari wetu yameandikwa kwenye mnara wa kumbukumbu ndani ya makaburi ya vita Nairobi.

Bibi anachojua yeye ni kwamba "alipotea baharini". Barua, mzinga, Mombasa, mwezi: vyote vinaelekea upande mmoja. Hata hivyo sikumwambia ndiyo. Karani wa jeshi aliandika majina kwa sikio lake, "bin" ikaachwa, jina la babu likawa la baba, na wenye jina kama la marehemu huwa ni wengi. Nikachukua jina lake kamili hadi babu wa tatu, kijiji, jina la mama, na la utani pia. Kwa hayo nitatafuta kwenye orodha ya waliokufa vitani. Bila bibi yule, orodha yenyewe isingenisaidia kitu.

Tukapiga picha barua na nishani, nikamrudishia bati lake. Nakala za asili nyingi zinabaki na wenyewe. Huwa sishindani na mtu juu ya kitu cha marehemu wake. Nikampa bahasha ya karatasi isiyo na tindikali, nikamwomba aondoe ile pini iliyokwisha kushika kutu.

Saa 6:00

Simu kutoka Maskati. Familia iliyotoka hapa baada ya 1964 inataka nasaba yake, na hati za shamba la mikarafuu la babu mkubwa. Wanazungumza Kiswahili kizuri cha Ng'ambo, ile mitaa ya mjini hapa hapa Unguja, na wanajua mtaa hadi jina la mwembe. Nyaraka za shamba zinaweza kupatikana. Lakini kuna jambo huwa nalisema mapema kabisa: kwenye daftari moja na jina la babu yao, yataonekana na majina ya watu aliokuwa akiwamiliki.

Amri ya Sayyid Hamoud ya Aprili 1897 haikumwacha mtumwa huru palepale. Alitakiwa aende mwenyewe mbele ya mahakama aombe uhuru wake, na masuria hawakuhusishwa hadi 1909. Maombi yale yaliandikwa: jina la mtu, bwana wake, shamba alilokuwa akifanyia kazi. Ndiyo maana mjukuu wa bwana na mjukuu wa mtumwa wanafungua kitabu kimoja, na nimewaona wote wawili kwenye meza zile zile. Wa kwanza huja kwa fahari. Wa pili huja ananong'ona, wakati mwingine ananiomba nisimwambie mtu. Mimi nawapa huduma ileile, na yule wa pili namtengea muda zaidi, kwa sababu babu yake aliandikwa kwa jina moja tu na kazi ya kumpata ni ngumu zaidi.

Ndugu wa Maskati akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Niletee vyote." Nilimheshimu kwa hilo.

Swala ya adhuhuri, boflo na maharage, chai.

Saa 7:30 mchana

Hii ndiyo miadi niliyoingoja. Mzee wa Tunguu, ambaye baba yake alikuwa mlinzi kwenye kituo cha Wamarekani.

Vijana wengi hawajui kwamba Unguja ilikuwa na kituo cha NASA, shirika la anga la Marekani. Makubaliano yalifanyika 1960, wakati wa Waingereza, na siasa zikapamba moto: Hizbu, yaani chama cha ZNP, waliandamana wakisema kisiwa kitageuzwa shabaha ya vita vya wakubwa. Kituo kikajengwa Tunguu kwa ajili ya mradi wa Mercury, wa kurusha watu angani. Vilikuwa vituo 18 kuizunguka dunia, viwili kati yake vikiwa meli. Chombo kikipita juu ya Kano kule Nigeria, kinachofuata ni Zanzibar, halafu meli ya Bahari ya Hindi, halafu Australia. Mapinduzi ya 12 Januari 1964 yalipotokea, Wamarekani waliondolewa kesho yake kwa meli ya Manley, na Aprili mwaka ule Mzee Karume akataka kituo kiondoke.

Mzee anasimulia. Alikuwa mdogo, anapelekea baba yake futari getini. Siku moja jua bado halijazama, baba akamwambia: "Tazama juu, kuna mtu anapita." Akatazama. Hakuona kitu ila mbingu. Baadaye kidogo mwadhini akaadhini, baba akafuturu kwa tende palepale kwenye kibanda. Nduguze wamembishia maisha yake yote. Wanasema Ramadhani na roketi amevichanganya mwenyewe.

Nikachukua karatasi. John Glenn, Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia angani, alirushwa 20 Februari 1962, saa kumi na moja na dakika 47 jioni kwa saa zetu. Kufika juu ya Unguja kulimchukua nusu saa hivi. Hiyo ni saa kumi na mbili na robo, magharibi yetu ya Februari bado kidogo. Nikageuza tarehe kwa Hijria: katikati ya Ramadhani ya 1381.

Nikamgeuzia karatasi aione. Akaitazama muda mrefu, akaomba nimwandikie nakala ya kumpelekea kaka yake aliye hai.

Alichosema Glenn alipokuwa juu yetu kimehifadhiwa Marekani neno kwa neno. Alivuta kamba ya mpira kufanya zoezi, akapima shinikizo la damu, madaktari wa Tunguu wakimfuatilia. Mpaka mapigo ya moyo wake yameandikwa. Waliolinda geti, waliopika, walioendesha magari na kufyeka chini ya antena, hao wamo vichwani mwa watoto wao, na watoto wenyewe ni wazee. Hilo linaniuma, na nalisema popote ninaposimama.

Mzee ameleta bahasha ya picha, na hasi zake, zile filamu zilizosafishiwa picha, zimo. Nilipofungua, harufu ya siki ikanijia puani. Harufu ile ni ishara ya plastiki ya filamu kuoza, inatoa tindikali, na tindikali inaambukiza filamu jirani. Mbili zimeanza kujikunja. Nikazitenga mara moja, nikazipiga skani kabla ya kitu kingine chochote. Kwenye moja wanaume watano wamesimama mbele ya mlingoti, kofia mkononi. Mzee anawajua watatu kwa majina. Wa nne anamjua kwa lakabu. Wa tano, anasema, dada yake wa Bambi atakuwa anamjua. Nikaandika kila neno kwenye bahasha mpya, na kinasa sauti kikiendelea. Tumekubaliana twende Bambi wiki ijayo mvua ikipungua.

Saa 9:30

Kufunga. Nahesabu mafaili yaliyotoka na yaliyorudi, naandika maelezo ya picha za Tunguu wakati sauti ya mzee bado imo kichwani, nafunika rafu ya dirishani.

Saa 2:00 usiku

Niko nyumbani, ujumbe unaingia. Mtoto wa jirani yetu wa zamani amepata kipande cha jeshi cha babu yake wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na picha za arusi za bibi. Karatasi imechanika. Anauliza ailaminishe ama aishike kwa selotepu.

Vyote usifanye, nikamwandikia. Selotepu inageuka njano na kuacha gundi isiyotoka, na ukishalaminisha hakuna kurudi nyuma. Usiitoe juani kuikausha. Itie kwenye bahasha safi ya karatasi, iweke kabatini mbali na ukuta wa nje, na picha uzishike pembeni tu.

Akajibu kwamba Jumamosi anavileta vyote, na mama yake naye anakuja, kwa sababu yeye ndiye anayewajua waliomo kwenye picha.