Tiketi ya kikazi ya kununua uwanjani Nairobi

Kwanza hakikisha ndege inaondokea uwanja gani wa Nairobi, JKIA (Jomo Kenyatta) au Wilson. Msongamano wa Nairobi haukupi muda wa kubadilisha uwanja. Dirishani toa pasipoti, si kadi ya kazi, na jina kwenye tiketi lifuate pasipoti herufi kwa herufi. M-Pesa haipitishi zaidi ya shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, kwa hiyo safari ya mbali ilipie kwa kadi.

Usiondoke na msimbo wa buking pekee, ule wa herufi na tarakimu 6. Hiyo ni nafasi tu, na isipolipiwa kwa wakati hufutwa. Dai namba ya tiketi yenyewe, tarakimu 13. Ya Kenya Airways huanza na 706. Uliza pia ada ya kubadilisha tarehe, maana mikutano huahirishwa.